Kuandika nyaraka za programu-jalizi za Ansible: zinavyopatikana na zinakoendeshwa

Nyaraka nyingi za programu-jalizi hueleza vizuri kile inachofanya programu hiyo, lakini hunyamaza kuhusu mahali inapokifanyia. Kwa programu inayokaa kwenye kompyuta moja, ukimya huo haumdhuru mtu. Kwa Ansible, chombo kilichoanzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012 na kununuliwa na Red Hat mwaka 2015, hali ni tofauti, kwa sababu msimamizi hukaa kwenye mashine moja na kuagiza kazi zifanyike kwenye mashine nyingine nyingi kupitia SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali), bila kusakinisha wakala wowote huko. Faili moja la kazi, yaani pleibuku, huwa na mistari miwili inayofuatana ambayo mmoja hutekelezwa kwenye kompyuta ya msimamizi na wa pili kwenye seva iliyo mji mwingine, na kwa kuitazama tu hakuna kinachoonyesha tofauti hiyo.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya timu ambayo ina moduli (programu ndogo zinazofanya kazi moja moja) na programu-jalizi zake, au inatumia za wengine, na inataka kuziandikia nyaraka zitakazomsaidia mtu anayeamshwa usiku kwa sababu kazi imekwama. Kila ingizo katika nyaraka hizo linapaswa kujibu mambo matatu: faili limetoka njia ipi, limeendeshwa kwenye mashine ipi, na limeendeshwa kwa Python ipi na kwa jina la mtumiaji yupi. Kanuni ninayoisisitiza ni kwamba jibu lisitoke kichwani mwa mwandishi, hata kama ndiye aliyeandika msimbo wenyewe. Litoke kwenye amri iliyoendeshwa, na amri hiyo iandikwe pembeni ya jibu ili mwingine aweze kuirudia.

Katika maelezo yafuatayo, mashine ongozi ni ile ambayo Ansible imesakinishwa, na mashine lengwa ni ile inayofanyiwa kazi.

Hatua ya 1: Tenganisha zinazobaki na zinazosafiri

Ansible ina aina nyingi za programu-jalizi, lakini kwa shabaha yetu zimegawanyika makundi mawili yasiyolingana kabisa. Karibu zote huendeshwa kwenye mashine ongozi: vichujio vinavyobadilisha data, vitafutaji vinavyosoma taarifa kutoka nje (`lookup`), zinazosimamia muunganisho (`connection`), zinazopanda daraja la mtumiaji (`become`), zinazosoma orodha ya mashine (`inventory`), na zinazoripoti mwenendo wa kazi (`callback`). Zinazosafiri hadi kwenye mashine lengwa ni moduli, pamoja na msimbo saidizi unaoitwa `module_utils` ambao moduli inauhitaji.

Anayetaka kuhakikisha aendeshe amri hizi mbili, `seva01` ikiwa jina la mashine lengwa yoyote:

```
ansible seva01 -m ansible.builtin.debug -a "msg={{ lookup('ansible.builtin.file', '/etc/hostname') }}"
ansible seva01 -m ansible.builtin.command -a "cat /etc/hostname"
```

Amri ya kwanza italeta jina la mashine ongozi, ingawa mstari wa matokeo unaanza na `seva01`. Kitafutaji kimesoma faili lililo karibu nacho, na `debug` yenyewe haikugusa mtandao hata kidogo. Amri ya pili italeta jina la `seva01` yenyewe. Ningeshauri jozi hii ya amri na matokeo yake iwekwe kwenye ukurasa wa kwanza wa nyaraka za timu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mkanganyiko wa watu wapya inatokana na jambo hili moja: wameandika kitafutaji wakidhani kinasoma faili la seva.

Kuna kundi la tatu linalosumbua zaidi, nalo ni moduli zilizo na mwenzake upande wa mashine ongozi. Ukiandika `ansible.builtin.template`, Ansible hutafuta kwanza kama ipo programu-jalizi ya aina ya `action` yenye jina hilo. Ikiipata, huiendesha hiyo kwanza kwenye mashine ongozi. Nayo husoma kiolezo, hujaza vigeu, kisha hupeleka faili lililokamilika na kuita moduli nyingine ikamalizie kazi kwenye mashine lengwa. Ndiyo maana kiolezo huhitajika kuwapo upande wa msimamizi tu. `copy` na `fetch` hufuata mpangilio unaofanana na huo. Kwa kila ingizo la kundi hili, andika sehemu mbili zilizotengana, moja ya kinachotokea hapa na nyingine ya kinachotokea kule, wala usizichanganye katika aya moja.

Hatua ya 2: Andika njia ambazo Ansible inazipekua

Anza na amri hizi mbili, na uhifadhi matokeo yake yote:

```
ansible --version
ansible-config dump --only-changed
```

Ya kwanza inaonyesha faili la mipangilio linalotumika, njia za moduli na njia za mikusanyiko (vifurushi vya moduli na programu-jalizi vinavyosambazwa pamoja). Usiiruke kwa kudhani kwamba faili la mipangilio linajulikana. Ansible hutazama kwanza kigeu cha mazingira `ANSIBLE_CONFIG`, kisha `ansible.cfg` iliyo kwenye folda uliyosimama, kisha `~/.ansible.cfg`, na mwisho `/etc/ansible/ansible.cfg`, la kwanza kupatikana ndilo linalotumika peke yake, mengine hayaunganishwi nalo. Zaidi ya hapo, ikiwa folda uliyosimama inaruhusu kila mtu kuandika ndani yake, `ansible.cfg` iliyomo hupuuzwa kwa sababu za usalama na onyo hutolewa. Watu wawili wanaoendesha pleibuku ileile kutoka folda mbili tofauti wanaweza, kwa hiyo, kuwa na njia tofauti za kupekua bila ya yeyote kujua.

Kuhusu majina, historia fupi inahitajika. Hadi toleo la 2.9, moduli maelfu zilikuja ndani ya Ansible yenyewe. Mwaka 2020, kwa toleo la 2.10, nyingi zilihamishiwa kwenye mikusanyiko, na tangu hapo jina kamili la moduli lina sehemu tatu: mmiliki, mkusanyiko na moduli, kama ilivyo `community.general.timezone`. Mikusanyiko hutafutwa ndani ya folda inayoitwa `ansible_collections`, kwa kawaida chini ya `~/.ansible/collections` au `/usr/share/ansible/collections`, na moduli zake hukaa kwenye `plugins/modules`. Majina ya zamani bado hufanya kazi kwa sababu yapo mafaili ya uelekezaji yanayosema kwamba jina fulani sasa liko kwingine. Mkusanyiko nao unaweza kuwa na faili la namna hiyo, `meta/runtime.yml`, linaloelekeza, kuonya au kutangaza kwamba moduli imeondolewa moja kwa moja. Mwandishi wa nyaraka alisome faili hilo kabla ya kuandika jina lolote.

Moduli ambazo timu imeziandika bila ya kuziweka kwenye mkusanyiko hupatikana katika folda ya `library` iliyo jirani na pleibuku, ndani ya `library` ya jukumu (`role`, yaani folda ya kazi na mafaili yanayotumiwa pamoja), au kwenye njia zilizotajwa na kigeu `ANSIBLE_LIBRARY`. Hapa pana mtego unaostahili ingizo lake peke yake. Mtu akiweka faili `library/user.py` jirani na pleibuku, kila kazi iliyoandikwa kwa jina fupi `user` katika pleibuku hiyo itatumia faili lake badala ya lile la Ansible. Jina kamili `ansible.builtin.user` halidanganyiki kwa namna hiyo, ilhali `ansible.legacy.user` hukubali kubadilishwa kama jina fupi. Kwa maoni yangu, timu isiyotumia majina kamili haina nyaraka za kuaminika, hata iandike kurasa ngapi, kwa kuwa maana ya jina fupi hutegemea folda.

Ili kupata jibu lisilo na shaka kuhusu faili lililotumika, endesha kazi yenyewe kwa maelezo ya kina:

```
ansible seva01 -m ansible.builtin.ping -vvv
```

Katikati ya matokeo utakuta mstari unaoanza na `Using module file` ukifuatwa na njia kamili. Huo ndio mstari wa kunakili kwenye nyaraka. Amri ya `ansible-doc` pia huonyesha njia ya faili juu ya maelezo ya moduli, na `ansible-doc -F` huorodhesha majina pamoja na mafaili yake, lakini `ansible-doc` haijui jukumu lipi litakuwa likiendeshwa siku ya tukio, `-vvv` inajua.

Hatua ya 3: Tazama moduli ikisafiri

Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huiandika kwa kubahatisha, na ndiyo inayostahili muda zaidi.

Tangu toleo la 2.1, moduli ya Python inayotumia `ansible.module_utils` hufungwa pamoja na msimbo saidizi na vigezo vyake katika kifurushi kinachoitwa AnsiballZ: faili moja la Python ambalo ndani yake mna faili la zip lililogeuzwa kuwa herufi za base64. Katika hali ya kawaida, Ansible hufungua muunganisho wa SSH, huuliza folda ya nyumbani ya mtumiaji, hutengeneza folda ya muda chini ya `~/.ansible/tmp`, hupeleka kifurushi humo, hukiendesha kwa Python ya mashine lengwa, husoma JSON inayotoka kwenye mkondo wa kawaida wa matokeo, kisha hufuta folda hiyo. Kila kipengele cha mlolongo huo huonekana kwenye matokeo ya `-vvv`, mistari ya `EXEC` na `PUT` ikifuatana.

Ili folda isifutwe, weka kigeu kimoja:

```
ANSIBLE_KEEP_REMOTE_FILES=1 ansible seva01 -m ansible.builtin.ping -vvv
```

Kisha ingia `seva01`, nenda kwenye folda ambayo jina lake linaanza na `ansible-tmp-`, na ufungue kifurushi:

```
python3 AnsiballZ_ping.py explode
```

Amri hiyo hutengeneza folda `debug_dir` yenye msimbo halisi uliosafirishwa na faili liitwalo `args` lenye vigezo. Unaweza kuhariri msimbo huo hapohapo na kuujaribu kwa `python3 AnsiballZ_ping.py execute`. Ukisoma yaliyomo utajua, bila ya kukisia, ni `module_utils` zipi zilizofuatana na moduli na ni vigezo vipi alivyoongeza Ansible mwenyewe. Hivi vya mwisho huanza na `_ansible_`.

Tahadhari mbili ziandikwe kwa herufi zinazoonekana. Kwanza, vigezo hivyo hubeba kila kitu alichopewa moduli, pamoja na nywila, kwa hiyo mafaili yaliyoachwa kwa ajili ya uchunguzi yafutwe mara tu uchunguzi ukiisha. Pili, mpangilio wa `pipelining`, ambao hupitisha kifurushi moja kwa moja kwenye mlango wa kuingizia wa Python bila kuandika faili, hauwezi kufanya kazi wakati umeagiza mafaili yabaki. Maana yake ni kwamba unachokiona wakati wa uchunguzi si njia ileile inayotumika siku zote, ikiwa timu yako imewasha `pipelining`. Nyaraka ziseme wazi ni hali ipi iliyochunguzwa.

Si kila moduli hufungwa hivyo. Ansible hulisoma faili na kuamua aina yake kwa alama zilizomo ndani: maneno `from ansible.module_utils.` huifanya moduli ya Python ya kisasa. `#Requires -Module Ansible.ModuleUtils.Legacy` huonyesha moduli ya PowerShell kwa ajili ya Windows. Neno `WANT_JSON` popote ndani ya skripti huagiza vigezo vipelekwe kama faili la JSON, ambalo jina lake skripti hulipokea. Programu iliyokwisha kukusanywa, kwa mfano kwa lugha ya Go, hupelekwa ilivyo. Skripti isiyo na alama yoyote huhesabiwa ya mtindo wa zamani na kupewa faili la vigezo vya `jina=thamani`. Kwa moduli za timu zilizoandikwa kwa Bash, taja alama iliyotumika, maana mtu atakayeifuta akidhani ni maelezo tu ataibadilisha aina ya moduli bila kukusudia.

Wakati huohuo weka kumbukumbu kwamba `raw` haitumii utaratibu huu hata kidogo. Hupeleka amri kama ilivyo kwenye sheli, na ndiyo maana hutumika kusakinisha Python kwenye mashine isiyokuwa nayo.

Hatua ya 4: Python ipi, na mtumiaji yupi

Kama hakuna aliyetaja `ansible_python_interpreter`, Ansible huitafuta Python yenyewe kwenye mashine lengwa na kuikumbuka kwa jina la `discovered_interpreter_python`. Andika njia iliyopatikana kwa kila aina ya mfumo mlio nao, na toleo lake. Hili si urembo wa nyaraka. Toleo la 2.16 la ansible-core, yaani kiini cha Ansible, lilikuwa la mwisho kukubali Python 2.7 na 3.6 kwenye mashine lengwa. RHEL 8 (Red Hat Enterprise Linux 8) hutumia Python 3.6 kama Python ya mfumo, na maktaba ambazo moduli ya `dnf`, inayosakinisha vifurushi vya programu, inazihitaji zimefungwa kwa Python hiyo. Timu iliyopanda hadi 2.17 ikasakinisha Python mpya kwenye RHEL 8 itaona moduli nyingi zikifanya kazi na `dnf` ikigoma, na bila ya ingizo linaloeleza uhusiano huo, mtu anaweza kupoteza siku nzima akikagua mtandao.

Upande wa mtumiaji, hali inayozaa maswali ni ile ya kuingia kama mtumiaji wa kawaida na kisha kugeuka kuwa mtumiaji mwingine asiye `root`, kwa mfano `postgres`. Faili la muda limeandikwa na wa kwanza, na wa pili hana ruhusa ya kulisoma. Ansible hujaribu kwanza `setfacl`, amri inayompa mtumiaji fulani ruhusa ya faili, na kwenye mashine ambayo kifurushi cha `acl` hakijasakinishwa kazi huishia na ujumbe `Failed to set permissions on the temporary files`. Tiba ni kusakinisha `acl`, au kuwasha `pipelining`, ambayo haihitaji faili. Lakini `pipelining` nayo hushindwa iwapo `sudoers`, faili la mipangilio ya `sudo`, ina `requiretty`, yaani sharti kwamba `sudo` iendeshwe kwenye terminali. Andika ni tiba ipi iliyochaguliwa na sababu yake.

Hatua ya 5: Kinachogunduliwa upande wa mashine lengwa

Mpaka hapa, ukiondoa utafutaji wa Python, upekuzi wote umefanyika kwenye mashine ongozi. Upo mfano mmoja maarufu wa kinyume chake, nao ni taarifa za ndani za mashine. Moduli ya `setup` ikiendeshwa hupekua folda `/etc/ansible/facts.d` ya mashine lengwa na kuchukua kila faili lenye mwisho `.fact`. Faili lenye ruhusa ya kutekelezwa huendeshwa na hutarajiwa kutoa JSON. Lisilo na ruhusa hiyo husomwa tu, likiwa la JSON au la INI. Matokeo huonekana chini ya `ansible_local`:

```
ansible seva01 -m ansible.builtin.setup -a "filter=ansible_local"
```

Kwa kuwa mafaili haya hukaa kule, yanaweza kutofautiana seva kwa seva, na hakuna ghala la msimbo litakaloonyesha tofauti hiyo. Nyaraka zitaje ni pleibuku ipi inayoyapeleka, na ni nani mwenye haki ya kuandika ndani ya folda hiyo, maana faili linalotekelezwa humo huendeshwa kwa daraja alilonalo `setup` wakati huo, ambalo mara nyingi ni `root`.

Hatua ya 6: Weka maelezo ndani ya moduli yenyewe

Ansible husoma maelezo kutoka vigeu vitatu vya maandishi ndani ya faili: `DOCUMENTATION`, `EXAMPLES` na `RETURN`. Funguo zake ni za Kiingereza, lakini maelezo yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila tatizo. Huu ni mfano wa moduli inayosoma hali ya saa kutoka chrony, programu inayolinganisha saa ya seva:

```
DOCUMENTATION = r'''
module: hali_ya_saa
short_description: Husoma tofauti ya saa kutoka chrony
description:
  - Huendesha C(chronyc tracking) kwenye mashine lengwa na kurudisha tofauti ya saa.
  - Haibadilishi chochote kwenye mashine.
requirements:
  - chronyc kwenye mashine lengwa
options:
  kikomo:
    description: Tofauti ya juu inayokubalika, kwa sekunde.
    type: float
    default: 0.5
attributes:
  check_mode:
    support: full
    description: Huweza kuendeshwa katika hali ya majaribio.
author:
  - Timu ya mifumo
'''
```

Ufunguo wa `requirements` ndio unaosahauliwa kuliko yote. Kila hitaji lifuatwe na maneno yanayosema linahitajika wapi, kwa sababu msomaji akiona "maktaba fulani" pekee ataisakinisha kwenye kompyuta yake, mahali ambapo moduli haitafika. Angalia pia nukta mbili ndani ya sentensi: YAML huihesabu nukta mbili yenye nafasi baada yake kuwa mwanzo wa ufunguo, na sentensi nzuri ya Kiswahili inaweza kulivunja faili zima; iweke ndani ya alama za kunukuu au uiandike upya. Kagua kwa `ansible-doc -M ./library hali_ya_saa`. Kwa moduli iliyo ndani ya mkusanyiko, `ansible-test sanity --test validate-modules` hulinganisha maelezo na vigezo ambavyo msimbo unavikubali kweli, na hugundua kigezo kilichobadilishwa upande mmoja tu. Moduli isiyo ya Python inaweza kuwekewa maelezo katika faili la `.yml` lenye jina lilelile jirani yake.

Hatua ya 7: Ingizo lenyewe, na lini lirudiwe

Ingizo lililokamilika halihitaji kuwa refu. Kwa moduli ya hapo juu lingekuwa hivi:

```
Jina:           hali_ya_saa (jina fupi, library/ jirani na saa.yml)
Faili:          kutoka "Using module file", -vvv
Huendeshwa:     mashine lengwa, haina mwenzake wa aina ya action
Aina:           Python, AnsiballZ
Python:         /usr/bin/python3, imegunduliwa (si ya kutajwa)
Mtumiaji:       anayeingia kwa SSH, become haihitajiki
Pipelining:     imewashwa, uchunguzi ulifanywa ikiwa imezimwa
Mahitaji kule:  chrony
Matoleo:        ansible-core na mfumo wa seva, kama yalivyoonekana
```

Mstari wa mwisho ndio unaoamua uhai wa ingizo. Toleo la ansible-core linapobadilika, mfumo wa seva unapopandishwa, au moduli inapohamishwa kutoka `library` kwenda kwenye mkusanyiko, mistari ya faili, Python na aina haiaminiki tena hadi amri za hatua ya 2 hadi ya 4 zirudiwe. Zikusanye katika skripti moja iliyo kwenye ghala lilelile la pleibuku, iendeshe dhidi ya seva moja ya kila aina ya mfumo, na uhifadhi matokeo yake kama faili la kawaida ili toleo la leo liweze kulinganishwa na la mwezi uliopita kwa `git diff`.